Kamba ya Mwani na Deni Lake: Uchumi wa Kijani Ukifika Pwani Unamfikia Nani?



Msomaji anayefuatilia taarifa ya habari amekwisha kuyazoea maneno haya: ukuaji wa kijani, fedha za tabianchi, Uchumi wa Buluu. Wala si maneno matupu. Tanzania ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, na lengo lake ni kuwa ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi. Zanzibar, tangu Rais Dkt. Hussein Ali Mwinyi aingie madarakani Novemba 2020, ina wizara kamili yenye jina la Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Benki zinauza hatifungani zinazoitwa za kijani. Fedha zipo, na zinazidi kuja.

Swali letu ni dogo kuliko hayo yote. Fedha hizi zikifika pwani, zinamfikia nani, na kwa mkataba gani? Kwa familia ya Kiislamu sehemu ya pili ya swali haiachani na ya kwanza. Msaada mzuri unaweza kuingia nyumbani kwa mlango wa riba, na biashara ya halali inaweza kufungwa kwa sharti lisilokuwa halali.

Tutazungumza zaidi juu ya mwani. Hiyo ndiyo biashara ya kijani tuliyoianza visiwani kabla jina lenyewe halijafika, na miaka yake zaidi ya 35 inatosha kuonyesha mfanyabiashara mdogo anapokwamia.

Biashara iliyotangulia jina lake

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, pwani ya mashariki, upande wa Paje na Jambiani, baada ya tafiti zilizofunguliwa na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbegu zilitoka Ufilipino. Kikaenea haraka hadi Pemba, na leo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mavuno. Zanzibar huvuna zaidi ya tani 10,000 za mwani mkavu kwa mwaka, wakulima wake wanapindukia 20,000, na takriban wanane katika kila kumi ni wanawake. Ukiacha utalii na karafuu, ni vitu vichache vinavyoingiza fedha za kigeni visiwani kuliko mwani.

Na ni wa kijani kweli. Haudai mbolea, haudai dawa, haunywi maji matamu. Haukati mti pia, isipokuwa zile mambo za kukitia kamba, ambazo mara nyengine hukatwa mikoko. Na hilo tuliseme kwa sababu ni kweli.

Kazi yenyewe wanaoijua ni wale wanaoifanya. Mama hufunga vishada vya mbegu kwenye kamba kwa taitai, hungoja maji yapwe wakati wa bamvua, huingia baharini hadi magotini au kiunoni, hufunga kamba kwenye mambo, na baada ya kiasi cha wiki sita, yaani bamvua tatu, huvuna. Mwani mbichi una maji mengi. Kilo moja kavu hutokana na kilo saba hadi kumi mbichi, na zote hizo hutolewa majini kwa kichwa, kwa mgongo au kwa kuburura. Kisha huanikwa. Mvua ikinyesha juu yake thamani hushuka. Kwa kilo hiyo moja kavu ya mwani mwembamba, mkulima hulipwa shilingi mia kadhaa. Mwisho wa safari yake mwani huo hutolewa ute wa kugandisha, ukaingia katika dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi vinavyorudi madukani kwetu kwa bei tunayoijua.

Upo mwani mwengine, mwani mnene, ambao bei yake ni mara mbili au zaidi. Kwa nini basi wasipande huo? Kwa sababu bahari imepata joto. Kuanzia miaka ya 2000 mwani mnene umekuwa ukifa katika maji mafupi ya Unguja: hupauka, huwa mweupe, hukatika na kuchukuliwa na mkondo. Watafiti, akiwemo Dkt. Flower Msuya ambaye amefanya kazi na wakulima hawa kwa miaka mingi, walionyesha kuwa unaweza kusalimika ukipandwa kwenye maji ya kina, kwa nyavu za mfano wa bomba badala ya kamba na mambo. Lakini maji ya kina yanataka chombo, yanataka nyavu, na yanataka mtu anayejua kuogelea. Wanawake wengi wa pwani yetu hawakufundishwa kuogelea hata kidogo.

Kwa hiyo ukuaji wa kijani, kwa mama wa Makoba au Tumbe, maana yake ni vitu vya kushikika: chombo, nyavu, kamba mpya, chanja ya kuanikia juu ya mchanga, na mtu wa kumfundisha. Vyote vinataka mtaji. Mtaji unatoka wapi?

Kamba ya mnunuzi

Kwa sehemu kubwa ya historia ya mwani, mtaji umetoka kwa mnunuzi. Kampuni inayosafirisha humpa mkulima kamba, taitai, pengine na chombo. Mkulima hulima. Akivuna anatakiwa amuuzie yule yule aliyempa kamba, kwa bei atakayoisema yeye. Akionekana kapeleka gunia kwa mwengine, huwa amevunja makubaliano, na wakati mwengine hunyimwa vifaa msimu unaofuata.

Tuwe waadilifu. Bila ya wanunuzi hao kilimo cha mwani kisingesimama mwaka 1989. Walikuja na mbegu, wakabeba hatari ya kuanza jambo geni, na mwani unapokufa mara nyingi hawamfuati mama nyumbani kudai kamba. Tena bei haitungwi Zanzibar. Indonesia na Ufilipino zinatoa mwani mwingi mno ukilinganisha na sisi, na muuzaji mdogo wa kitu kisichosarifiwa hupokea bei, hapangi. Anayesema kampuni zote ni dhalimu hajalitazama soko.

Hata hivyo hukumu ya mkataba haiangalii nia njema peke yake. Ikiwa vifaa vimetolewa kama zawadi isiyo na sharti, hakuna tatizo, na mkulima yuko huru kuuza atakako. Ikiwa vimekodishwa kwa kodi inayojulikana, ni ijara, nayo ni halali. Ikiwa vimeuzwa kwa bei iliyotajwa na kulipwa kidogo kidogo, ni mauzo ya deni, na kwa sharti zake ni halali pia. Tatizo linakuja pale vinapotolewa kwa deni na ndani ya deni hilo likafungwa sharti kuwa lazima mdaiwa amuuzie mdai, kwa bei ya mdai. Mtume (S.A.W.) amekataza kukusanya mkopo na mauzo katika makubaliano mamoja, kwa hadithi ya Abdullah bin Amr iliyopokewa na Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Na ni kanuni mashuhuri kwa mafakihi kwamba mkopo unaoshurutishwa kumletea manufaa mkopeshaji unaingia katika riba. Punguzo la shilingi hamsini kwa kila kilo, linalotokana na kuwa mama hana pa kwenda kwa sababu anadaiwa kamba, ni manufaa ya mkopo hata kama hapana aliyeyaita riba.

Hatusemi kuwa kila kamba iliyoko baharini ni ya namna hiyo. Makubaliano yanatofautiana kijiji kwa kijiji, na mengi hayakuandikwa. Hilo nalo ni tatizo lake, maana Aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Mkulima aulize mambo mawili tu: hivi vifaa ni zawadi, ni kukodi, ni kununua au ni mkopo? Na je, nikipata bei nzuri kwengine, nikilipa thamani ya vifaa, niko huru? Jibu la swali la pili likiwa ni hapana, mkataba huo unahitaji kutengenezwa.

Fedha za kijani zinapita juu ya vichwa

Sasa tutazame upande wa fedha kubwa. Mwaka 2019 benki ya CRDB ilipata ithibati ya Mfuko wa Tabianchi wa Kijani wa kimataifa. Mwaka 2023 ikauza hatifungani yake ya kijani. Ilitafuta shilingi bilioni 40 katika awamu ya kwanza, ikapata zaidi ya bilioni 171. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga nayo ikauza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53. Kwa anayetaka kujua kama Watanzania wana fedha za kuweka katika miradi ya mazingira, jibu limepatikana.

Lakini hatifungani ya kawaida ni mkopo wenye faida iliyopangwa: ile ya 2023 ilitoa asilimia 10.25 kwa mwaka. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1985 liliamua wazi kuwa nyongeza ya namna hii juu ya deni ni riba, na rangi ya kijani haibadilishi hukumu. Muislamu mwenye akiba yake asiinunue, hata kama mradi wenyewe ni wa kupanda mikoko.

Jambo la pili si la kifiqhi bali la hesabu. Kuchunguza mkopo wa shilingi laki tatu kunaigharimu benki karibu sawa na kuchunguza mkopo wa milioni thelathini: afisa ni yule yule, fomu ni zile zile, safari ya Micheweni ni ile ile. Benki haihitaji kuwa na roho mbaya ili fedha zake ziende kwa mwenye hati ya nyumba; inatosha kujua kujumlisha. Mama wa mwani hana hati, shamba lake ni la baharini, na mavuno yake yanaweza kufa kwa wiki mbili za joto. Kwa hivyo fedha za kijani humpita juu, na yeye hubaki na kamba ya mnunuzi, au na kikundi cha kuweka na kukopa ambacho nacho humtoza mwanachama asilimia kumi kwa mwezi. Hili la vikundi tulitaje bila ya kuficha: upatu wa kupokezana bila ya nyongeza ni jambo jema na wanazuoni wengi wameuruhusu, lakini mkopo wa kikundi unaorudi na ziada ni riba, ijapokuwa mwisho wa mwaka ziada hiyo hugawanywa kwa akina mama wenyewe.

Je, dirisha la Kiislamu limelitatua hili? Kwa sehemu. Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa 1966, ina huduma za Kiislamu tangu 2011. Amana Bank ilifunguliwa mwaka huo huo. CRDB ilianzisha huduma yake ya Al Barakah mwaka 2021. Na mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ilitoa sukuk yake ya kwanza. Hizi ni neema, na miaka ishirini nyuma hatukuwa nazo. Ila murabaha nayo hutaka dhamana, na hati ya nyumba ambayo mama hana kwa mkopo wa riba hana vile vile kwa murabaha. Mkataba ukiwa halali haimaanishi kuwa umemfikia maskini.

Serikali ina Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi (ZEEA), ambao hutoa mikopo kwa wajasiriamali na vikundi. Tunaulizwa sana juu ya mikopo inayosemwa kuwa haina riba lakini ina ada. Kipimo kiko wazi. Baraza hilo hilo la Fiqhi, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliruhusu ada ya huduma kwa mkopo ikiwa ni gharama halisi ya kuuendesha, na likakataza kinachozidi hapo. Basi kabla ya kutia dole gumba muulize afisa, popote unapokopa: ada hii mnaihesabu vipi? Ikiwa ni kiasi kile kile cha kazi iliyofanyika, ni ada. Ikiwa inapanda kwa kadiri mkopo unavyokuwa mkubwa na muda unavyorefuka, na mtu akichelewa inaongezeka, hiyo ni faida iliyovishwa nguo nyengine.

Salam, na sababu yake kuuelekea mwani

Tunadhani jibu moja liko katika mkataba ambao mafakihi wameusomesha misikitini mwetu kwa karne nyingi na sisi tukaudhani ni wa tende tu. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wanalipia matunda mwaka au miaka miwili kabla. Hakuwakataza, aliwaelekeza wafanye kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana, kama alivyopokea Ibn Abbas katika Bukhari na Muslim. Huo ndio salam: mnunuzi analipa fedha zote leo, muuzaji anakabidhi bidhaa iliyosifiwa siku iliyopangwa.

Tazama jinsi unavyoingia katika mwani. Mkulima anahitaji fedha za kamba mwanzoni, ana mavuno baada ya wiki sita, na bidhaa yake inapimika na kusifika: mwembamba au mnene, mkavu kiasi gani, usio na mchanga, kilo ngapi, kituo gani, tarehe gani. Fedha ni zake kwa halali, anunue kamba, alipe skuli, anunue unga. Hadaiwi fedha, anadaiwa mwani. Na akikabidhi kilo zilizopangwa, zilizobaki atamuuzia amtakaye.

Fiqhi ina hekima nyengine hapa ambayo mama anayepoteza mwani kwa joto ataithamini. Salam haifungwi kwa shamba mahsusi, kwa sababu shamba moja laweza kuharibika. Anachodaiwa ni mwani wa sifa kadhaa, sio mwani wa kamba zake. Wake ukifa anaweza kununua kwa jirani akakabidhi. Na mwani ukikosekana sokoni kabisa, mnunuzi ana hiyari: asubiri, au avunje mkataba na kurejeshewa fedha zake bila ya nyongeza hata ya shilingi moja. Kwa mdaiwa aliyekwama, Aya ya 280 ya Suratul Baqara imeamrisha apewe muda. Kwa upande wa kalenda, tunashauri tarehe ya kukabidhi isiwekwe katikati ya masika, wakati kuanika ni shida na sifa ya ukavu haitimii.

Kuna hatari, nayo haifai kufunikwa. Mama mwenye dhiki anaweza kukubali bei ya salam ya chini mno, na tukawa tumebadilisha jina la kamba tu. Punguzo kwa ajili ya kulipwa mapema linajuzu, lakini dhiki ya mtu kufanywa soko ni jambo jengine. Dawa yake ni wanunuzi kuwa wengi. Hapa ndipo familia zenye akiba zinapoingia. Wapo wenye milioni mbili au tatu zimelala, na wapo ndugu zetu Muscat, Dubai na London wanaotuma fedha kila mwezi na kuuliza waziweke wapi. Wenye kutengeneza sabuni na unga wa mwani, kazi inayofanywa na vikundi vya akina mama Unguja na Pemba, wanahitaji malighafi. Serikali nayo ina Kampuni ya Mwani Zanzibar, na eneo la viwanda Chamanangwe, Pemba, limepangiwa usarifu huo. Familia tano zikiungana zikalipa kwa salam na kisha kuukabidhi mwani kwa msarifu, mkulima atakuwa na mnunuzi wa pili. Huhitaji wanunuzi kumi ili bei ipate adabu. Wawili hutosha kuanza. Sharti moja lizingatiwe: aliyenunua kwa salam asiuuze mwani ule kabla hajaupokea, kwani Mashafii na jamhuri ya wanazuoni hawaruhusu hilo.

Chombo ni suala tofauti kidogo. Wavuvi wetu wamezoea sehemu ya chombo na sehemu ya mabaharia. Wanazuoni wa Kihanbali wameruhusu mtu kutoa chombo chake kifanyiwe kazi kwa fungu la kinachopatikana, na Mashafii wakauona ujira wake kuwa haujulikani. Kwa anayetaka kusalimika na hitilafu, amkodishie kikundi kwa kodi ya mwezi iliyotajwa, au amnunulie na kumuuzia kwa awamu kwa bei isiyobadilika. Muhimu chombo kiwe na mwenyewe anayejulikana. Boti za vikundi, ambazo ni za wote kwa hiyo si za mtu, hukosa wa kuzikalafati.

Zaka inunue nini?

Kila Ramadhani tunaona foleni milangoni pa matajiri, na kila mmoja anatoka na noti mbili tatu. Ni ibada, na Mwenyezi Mungu aipokee. Lakini tuwaulize masheikh wetu, ambao ni Mashafii, Imam Nawawi amesema nini. Katika Al-Majmu' amenukuu kuwa maskini mwenye ufundi hupewa cha kununulia zana za ufundi wake, ziwe za thamani ndogo au kubwa, na mfanyabiashara hupewa mtaji kwa kadiri ya biashara yake. Katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa hapa kwetu, amekhitari kuwa fakiri apewe cha kumtosha umri wa kawaida, sio cha siku ya Idi. Na katika Abu Dawud imo hadithi ya Anas ya mtu aliyekuja kuomba, Mtume (S.A.W.) akamuuzia nguo na bakuli lake na kumfungia shoka mpini kwa mkono wake mwenyewe akakate kuni. Isnadi yake wameizungumzia wanazuoni, lakini maana yake inakwenda sambamba na aliyoyasema Nawawi.

Kwa hiyo tajiri wa Chake Chake ambaye zaka yake ni milioni mbili anaweza kuwapa watu mia mbili elfu kumi kumi, au akawapa akina mama watano kamba, taitai na chanja zao wenyewe, waingie msimu hawadaiwi na mtu. Njia ya pili ina uzito kwetu, madamu waliochaguliwa ni wastahiki kweli na vifaa vimekuwa milki yao, si vya kuazimwa wala vya kupigiwa picha. Atakayeona ugumu wa kuwatafuta ashirikiane na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au kamati ya msikiti wa kijiji. Kamba huchakaa baada ya misimu michache, kwa hiyo ni ya zaka. Chombo na uwanja wa kuanikia hudumu, na vyafaa kuwekwa wakfu.

Anayeuliza kama mwani wenyewe una zaka ya mazao: hauna, kwa kuwa si chakula kikuu cha kuwekwa akiba. Fedha zake zikifika nisabu na kupitiwa na mwaka, zina zaka kama fedha nyengine.

Si mwani peke yake

Hesabu hii inakwenda kwa wengine pia. Wachemshaji wa dagaa, ambao dagaa lao hufika hadi Kongo, hutumia kuni nyingi mno. Majiko bora na vikaushio vya jua vinajulikana, kinachokosekana ni cha kuvinunulia. Kinyasini wamefundishwa akina mama kufunga na kutengeneza umeme wa jua, na sisi tulioishi gizani miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa kuharibika waya wa baharini hatuhitaji kuelezwa faida yake; lakini fundi bila ya mtaji wa vipuri ni fundi wa jina. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Bara. Amri ile ilikuwa ya kheri. Soko lililofunguka, hata hivyo, limechukuliwa na mifuko mbadala ya kiwandani kuliko vikapu vya ukili, kwa sababu kiwanda kilikuwa na mtaji na msusi hakuwa nao.

Na lipo la ufukwe. Pwani ya mashariki hoteli na michezo ya baharini vimebana mashamba ya mwani na pa kuanikia, na baadhi ya wakulima wameacha. Mtume (S.A.W.) amewafanya Waislamu kuwa washirika katika maji, malisho na moto, na mafakihi wameuhesabu ufukwe kuwa haki ya watu wote. Mkopo wa aina yoyote, wa halali au wa haramu, haumfai mtu aliyenyang'anywa pa kulima. Masheha na kamati za shehia zina sauti katika hili, na mkutano wa shehia hauhitaji mtaji.

Kwa walio tayari ndani ya makubaliano ya kamba: asiyejua sura ya mkataba wake asiutupe wala asiukimbie, maana deni ni deni na lazima lilipwe. Aombe hesabu ya thamani ya vifaa alivyopewa, iandikwe mbele ya mashahidi wawili, alipe kidogo kidogo, na sharti la kuuza kwa mtu mmoja lijadiliwe upya. Kikundi kizima kikienda pamoja kinasikilizwa zaidi kuliko mama mmoja. Mkataba ulioandikwa upelekwe kwa sheikh anayeaminika au Ofisi ya Mufti kabla ya bamvua ya kupanda, sio baada ya mwani kuvunwa.

Wallahu a'lam.